Je, Rusizi inaweza kulisha nyumba moja? Historia ya shamba, ziwa na mpaka



Mada ya mara hii ilitoka kwenu wenyewe. Tangu 2021, msaada wa chakula ulipoanza kutolewa kwa makundi kulingana na hali ya kila familia, kuko wazo linalozunguka hapa kambini. Familia kadhaa zinataka kuchanga pesa, zikodi shamba huko Rusizi, zijenge, zilime na kufuga, na ziishi kwa jembe lao. Chumvi na sabuni ndivyo vitu pekee watakavyonunua, wanasema. Mengine yote yatoke shambani.

Kwa nini Rusizi? Juu wengi wetu tuliingia Rwanda kwa mlango ule, na macho yetu yaliona. Migomba mpaka ukingoni mwa maji, mvua, udongo mwekundu, parachichi zinaanguka chini. Halafu ng'ambo unaona Bukavu, na moyo unatulia kidogo. Mtu akitoka kwenye vita akaona majani mabichi namna hiyo, anasema hapa hakuna njaa. Tunawaelewa.

Lakini pesa watakayochanga ni akiba ya miaka, tena ni ya watu ambao hawana akiba ya pili. Basi sisi tunaojitolea kwenye kikundi tuliamua tusijibu kwa ndoto wala kwa uoga. Tulitafuta historia ya eneo lile, tukauliza: je, watu wa pale waliwahi kuishi hivyo? Kila nyumba kwa shamba lake, bila kutegemea mwingine?

Tuanze mbali. Eneo ambalo leo ni wilaya za Rusizi na Nyamasheke lilikuwa mkoa wa Cyangugu mpaka 2006, na kabla ya hapo wenyeji waliliita Kinyaga. Katika karne ya 19 Kinyaga ilikuwa nchi ya pembeni, mbali na ikulu ya mwami. Watu walifika kutoka pande nyingi: kutoka Rwanda ya kati, kutoka kisiwa cha Ijwi, kutoka Bushi ng'ambo ya ziwa, kutoka Burundi. Msitu wa Nyungwe ulikuwa mpana kuliko unavyouona leo. Anayefyeka ndiye anayelima, na ukoo wake unakaa pale. Kwa maneno mengine Kinyaga ilijengwa na wahamiaji waliokuja na jembe na kuanza upya. Mkisoma hapo mnaweza kusema: haya, sisi ni wa mwisho tu katika mstari mrefu. Ni kweli kwa kiasi.

Sasa angalieni jambo ambalo watu hawalisemi. Hata wale wafyeka msitu hawakujitegemea peke yao. Katika karne hiyo ya 19 kulikuwa na biashara kubwa kuzunguka Ziwa Kivu. Kitu kimoja kilichotumika kama pesa kiliitwa ubutega, bangili za nyuzi zilizosukwa na Watembo, watu wa misitu iliyo magharibi ya ziwa. Wanawake walizivaa miguuni nyingi nyingi, na watu walizipokea kwa mbuzi, kwa chakula, hata kwa ng'ombe. Mitumbwi ilivuka kila upande. Mwaka wa mavuno mabaya upande mmoja, chakula kilitoka upande mwingine. Yaani ziwa lilikuwa ghala lao, na jirani wa ng'ambo alikuwa sehemu ya shamba lao. Hakukuwa na nyumba iliyoishi kama kisiwa. Hata wale waliokaa kisiwani kabisa hawakuishi kama kisiwa!

Halafu serikali ikafika. Mwami Rwabugiri, aliyetawala mpaka 1895, aliishika Kinyaga kwa nguvu, akaweka makao yake karibu na ziwa na kuleta machifu wa kutoka katikati. Pamoja nao ikaja uburetwa. Kizazi chetu hakilijui neno hili vizuri. Uburetwa ilikuwa kazi ya bure ambayo mkulima alimfanyia chifu ili aruhusiwe kukaa kwenye ardhi, ardhi ileile ambayo pengine babu yake ndiye aliyeifyeka. Wiki ya zamani ya Rwanda ilikuwa na siku tano, na siku mbili zilikuwa za chifu. Hesabu mwenyewe: karibu nusu ya nguvu zako si zako. Wabelgiji waliishika desturi hiyo wakaigeuza iendane na mipango yao, na ilifutwa rasmi 1949 tu. Watafiti walioandika juu ya Kinyaga wanasema uchungu wa uburetwa uliingia ndani sana kwenye siasa za miaka ya 1950. Sisi tunalitaja juu linaonyesha kitu cha msingi. Swali la shamba halikuwahi kuwa swali la udongo peke yake. Ni nani mwenye neno la mwisho juu ya udongo huo? Hilo ndilo swali.

Kahawa nayo ina hadithi yake pale. Wamisionari Wakatoliki walifungua misheni ya Mibirizi mwaka 1903, na mwanzoni mwa karne hiyo ya 20 walipanda kahawa hapo, kati ya miche ya kwanza kabisa nchini. Mpaka leo kuna aina ya kahawa inayoitwa Mibirizi, wataalamu wa kahawa wa nchi za mbali wanaijua, wakati sisi tumepita barabara ya karibu bila kujua. Wakati wa Wabelgiji kahawa ilipandwa kwa lazima na kodi ikadaiwa kwa pesa taslimu. Hapo nyumba ya kujilisha ikafunguka mlango ambao haujafungwa tena: kila nyumba inahitaji pesa. Wakati ule ni kodi. Leo ni mituelle ya afya, daftari za shule, simu. Ndugu zetu wa chumvi na sabuni, orodha yenu ni fupi mno.

Wanaume wengi wa Cyangugu walivuka mto kwenda kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya wazungu Kivu, na mjini Bukavu, ambao wakati ule uliitwa Costermansville. Kuanzia 1937 serikali ya Kibelgiji yenyewe ilianza kuhamisha familia za Kinyarwanda, makumi ya maelfu ya watu, kuzipeleka Gishari huko Masisi, ikidai kwamba Rwanda imejaa. Fikirieni: imejaa, mwaka 1937! Miaka sita baadaye ikapiga njaa ya Ruzagayura, 1943 hadi 1944, ukame pamoja na ugonjwa wa viazi na madai ya vita vya wazungu, na watu walikimbilia Congo kutafuta chakula. Baadhi ya wajukuu wa safari hizo ndio leo wanaitwa wakimbizi katika kambi zetu. Hatutaingia kwenye siasa yake hapa, sisi wenyewe tunajua namna hadithi hiyo inavyochoma. Tunachosema ni kwamba nchi yenye mvua nyingi na majani mabichi ilishindwa kulisha watu wake, na si mara moja.

Je, kuliwahi kuwa na mpango wa kweli wa kumpa kila mtu shamba la kumtosha? Ndiyo. Wabelgiji waliuita paysannat, na serikali ya Rwanda iliuendeleza baada ya uhuru wa 1962, zaidi katika Mayaga na Bugesera kuliko kule kwetu magharibi. Familia moja ilipewa hekta 2 hivi, nyumba barabarani, shamba nyuma, sehemu ya chakula na sehemu ya kahawa au zao lingine la kuuza. Hekta 2! Shikeni namba hiyo kichwani. Ndicho kipimo ambacho wataalamu wa wakati ule waliona nyumba moja inaweza kuishi nacho kwa utulivu, na hata hivyo walitenga sehemu ya kuuza.

Sasa njooni Rusizi ya leo. Wilaya iko na kilomita za mraba karibu 960, na ndani ya hesabu hiyo kuna sehemu ambazo hazilimwi, kama msitu. Sensa ya 2012 ilikuta watu wapatao 400,000. Ya 2022 ikakuta wapatao 485,000. Gawanya: ni zaidi ya watu 500 kwa kila kilomita moja ya mraba. Kilomita moja ya mraba ni hekta 100. Kwa hiyo hata ukigawa kila kitu, barabara, shule, mawe na mto, mtu mmoja anapata ari 20 tu, na familia ya watu watano haifiki hata hekta moja. Sheria ya ardhi ya 2013 ilikataza kugawanya shamba vipande vya chini ya hekta moja, lakini ukizunguka vijijini utaona vipande vilivyogawanyika zamani, ari 10 hapa, ari 15 kule ng'ambo ya bonde. Shamba la kukodi litakuwa la namna hiyo hiyo. Hakuna mwenyeji atakayekupa lililo bora na kubaki na jiwe.

Tufanye hesabu ya mkono, ile ya mama zetu. Nyumba ya watu sita, wakubwa kwa watoto, tuseme kila mmoja anakula gramu 400 za chakula kikavu kwa siku, maharage na unga. Ni kilo 2 na gramu 400 kwa siku, karibu kilo 880 kwa mwaka. Umepata shamba la ari 30. Tuseme ari moja inakupa kilo 10 za maharage kwa msimu, na kwa mkulima asiye na mbolea ya kutosha hayo si mavuno mabaya. Ni kilo 300 kwa msimu, na misimu mikubwa ni miwili, ule wa Septemba na ule wa kuanzia Februari au Machi: kilo 600. Toa mbegu, toa zilizoliwa na wadudu, toa za shangazi aliyefiwa. Unabaki na pengo la miezi minne au mitano. Ndiyo maana wazee wa pale hawakuwa wajinga kushikilia migomba, viazi vitamu na muhogo. Hivyo vinajaza tumbo kwa eneo dogo, na muhogo unakungoja ardhini. Ila navyo vina maadui. Mnyauko wa migomba, ambao Wanyarwanda wanauita kirabiranya, uliingia nchini 2005, na mgomba ukiugua dawa yake ni kung'olewa. Mwaka 2017 kiwavi mpya, wenyeji wanamwita nkongwa, alishambulia mahindi nchi nzima.

Mtu atatuambia: basi twende Bugarama, kule ni tambarare. Tumesikia hilo mara nyingi, na tulikaa nalo muda mrefu. Bugarama ndiyo sehemu ya chini kabisa Rwanda, mita 950 hivi juu ya bahari, joto kama Uvira, mto Rusizi upande mmoja na Ruhwa ya Burundi upande mwingine. Maji yanashuka kutoka milimani kupitia Rubyiro na kuingia kwenye mashamba ya mpunga. Ni mali kweli. Lakini mabonde hayo ni ya serikali kisheria. Wakulima wako kwenye koperative, wanapangiwa zao, ambalo ni mpunga, wanapangiwa msimu, na mavuno yanapita kwa koperative kwenda kwenye kinu. Tangu serikali ilipoanzisha mpango wa kuongeza mazao 2007, hata milimani sehemu nyingi zinalima zao lililochaguliwa kwa eneo zima. Hatusemi ni kibaya, mpunga wa Bugarama umejenga nyumba za bati nyingi. Tunasema mkulima wa Bugarama ni mfanyabiashara mwenye miguu ya matope. Anauza mpunga, ananunua muhogo. Anayetaka kuishi bila soko, Bugarama ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Na malaria ya kule haihitaji maelezo, nusu ya hiki kikundi inaifahamu.

Upande wa Nyungwe, juu, kuna baridi, mvua nyingi na udongo mchachu. Chai inapenda udongo huo, ndiyo maana mko na mashamba ya Shagasha. Maharage hayaupendi mpaka utie chokaa na samadi. Chokaa si mbali, mawe yake yako Mashyuza, kule kule kwenye maji ya moto na kiwanda cha simenti. Lakini kuinunua na kuipandisha mlimani kunataka pesa kabla ya mavuno ya kwanza.

Inabaki kando ya ziwa, ndipo macho ya wengi yalipo. Hapa udongo ni mwekundu, mzito, si mbaya. Na kuna samaki. Lakini hata samaki ni mgeni: sambaza tunaowala waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, ni ndugu ya ndagala. Kabla ya hapo ziwa lilikuwa maskini kwa samaki. Leo kila jioni unaona mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinawaka, wavuvi wanaimba. Uvuvi nao una koperative, vibali, na miezi ya kufungwa kila mwaka ili samaki wazaane. Hutashuka tu na ndoana. Kama mnataka kuona nyumba zilizobaki na shamba dogo na ziwa tu, angalieni kisiwa cha Nkombo, mbele ya Kamembe. Watu wake wanasema lugha ya Kihavu, ni hodari wa kuvua, na udongo wao umechoka. Kwa miaka mingi Nkombo ilitajwa kati ya sehemu maskini kabisa za nchi. Hawakukosa bidii. Walikosa nafasi, na kila walichokosa kilipaswa kuvuka maji.

Tumefika kwenye mpaka, na hapa ndipo tunaona jibu. Mama wa Rusizi anaamka saa kumi na moja, anabeba mboga, mayai, nyanya, anavuka daraja kwa kijikaratasi chake, anauza Bukavu, jioni anarudi na vitenge au pesa. Ni ile biashara ya ubutega, imebadilisha nguo tu. Mnakumbuka Juni 2020? Wilaya nyingi zilikuwa zimefunguliwa kusafiri, Rusizi ikafungwa peke yake kwa sababu ya korona, mpaka nao umefungwa. Hapo mlikuwa na jaribio kamili la kujitegemea, tena la lazima: watu wako na mashamba yao, ziwa lao, mvua yao. Nyumba zilizoteseka kwanza ni za wale walioishi kwa kuvuka. Halafu waliomlisha yule anayevuka, juu nyanya zilikosa wa kuzinunua. Mwenye migomba na mbuzi wake alivumilia vizuri zaidi, hilo tunalikiri wazi, na ni hoja nzuri kwa ndugu zetu wanaotaka kwenda. Shamba linakupa miezi ya kuvumilia. Tangu Januari 2024 Burundi nayo imefunga mpaka wake, na Februari 2025 vita vilifika Bukavu yenyewe. Mwenye shamba alikuwa na kitu cha kupika siku hizo.

Kuna jambo la mwisho la historia, nalo ni la uchungu. Ardhi ya Cyangugu imeachwa na kukaliwa mara nyingi. Kuanzia 1959 Watutsi walifukuzwa, ardhi zao zikachukuliwa. Mwaka 1994 kukawa na Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Nyarushishi, huko huko Rusizi, maelfu ya waliookoka walikusanyika kambini, na miezi hiyo hiyo mamia ya maelfu ya wengine walivuka kuingia Bukavu. Mapatano ya Arusha, itifaki ya Juni 1993, yalisema wakimbizi waliotoka zaidi ya miaka kumi nyuma wasidai mali ambazo wengine wanazikalia. Halafu serikali ikapima nchi nzima, kuanzia 2009 mpaka 2013, viwanja zaidi ya milioni 10, kila kimoja na karatasi yake. Kwa hiyo leo hakuna kipande kisicho na jina. Mtu anayekukodishia kando ya njia bila karatasi, bila mke wake kuwepo (sheria inampa haki), anakuuzia kesi.

Basi sisi tunaona hivi. Rusizi inafaa kwa kuishi kwa jembe, haifai kwa kuishi kwa jembe peke yake. Na hatuoni faida ya familia saba kukodi vipande saba vilivyotawanyika. Angalieni Misizi, karibu na kambi ya Mugombwa huko Gisagara: bonde la hekta 55, wakimbizi na wenyeji wanalima pamoja kwa koperative, wanauza pamoja. Hakuna anayejifanya kisiwa. Kitu cha namna hiyo Rusizi, upande wa ziwa, chenye bustani ya chakula kwa kila nyumba na zao moja la kuuza Kamembe, tungekiunga mkono hata kwa senti zetu. Na nyumba zijengwe kwa akili. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko lilipiga pale na Bukavu, watu walikufa, na kuta za udongo ndizo zilizoanguka.

Kwa wale ambao wameshaamua: msimu wa kwanza unaanza Septemba, kwa hiyo mazungumzo na wenye mashamba yafanyike kabla ya Julai kuisha. Ombeni mkataba wa miaka mitano, ulioandikwa, mbele ya viongozi wa seli. Mgomba unataka zaidi ya mwaka kabla ya mkungu wa kwanza, kahawa inataka mitatu. Ukikodi kwa mwaka mmoja utapanda maharage tu, na mwenye shamba ataurudisha udongo uliotiwa samadi yako. Tuna daftari ya majina ya familia, iko ofisini kwa kikundi. Mpaka jana zilikuwa zimeandikwa tisa, na nne zimeuliza kama zinaweza kwenda na mbuzi.